Ukimya wa Kundi Hulipiwa na Mpagazi

Makundi mengi yanayopanda Kilimanjaro hulala usiku wa mwisho katika kambi ya Mweka, upande wa kusini wa mlima. Kilele kimeshafikiwa, magoti yanauma, na kesho ni kushuka hadi lango la Mweka kuchukua vyeti. Ndani ya hema la chakula, bakuli za supu zikiwa bado mezani, mmoja hutamka swali ambalo wote wamelikwepa tangu siku ya kwanza: jamani, bakshishi tunatoa kiasi gani? Watu walioshikana mikono kwenye ukuta wa Barranco huanza kukwepana macho. Mmoja amebakiwa na dola 40. Mwingine alidhani bakshishi imo katika bei ya safari. Wa tatu ametoka Japani, ambako mhudumu akiachiwa pesa za ziada huweza kumkimbilia mteja barabarani amrudishie. Wa nne anazo, ila anaogopa kuonekana anajionyesha. Nje ya hema wako watu zaidi ya ishirini ambao mapato yao ya wiki nzima yanategemea mazungumzo hayo.

Habari za pesa katika safari za kundi huzungumzwa kama suala la tabia: fulani bahili, fulani mkarimu, fulani hajui ustaarabu. Mimi naona tunaukosea mzizi. Wengi wa wanaosafiri wana nia njema, na nia hiyo huharibiwa na utaratibu mbovu. Kundi lisilotaja pesa mapema huja kuamua likiwa limechoka, lina haya na lina haraka, na hasara ya uamuzi wa namna hiyo humwangukia aliye chini kabisa katika mgawo. Nimechagua Kilimanjaro kwa sababu pale hesabu inaonekana waziwazi, lakini hoja yenyewe inahusu hata marafiki wanaotoka Dar es Salaam kwenda kupumzika Zanzibar kwa siku tatu.

Nyuma ya mgeni mmoja

Tangu mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni kwa msaada wa wenyeji, akiwemo, kama inavyosimuliwa, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, mlima huu umekuwa kazi ya watu wengi hata pale jina la mmoja ndilo lililoandikwa. Katika njia za mahema kama Machame na Lemosho, mgeni mmoja huhitaji watu watatu au wanne nyuma yake. Kuna kiongozi mkuu, wasaidizi wake, mpishi, na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Hao ndio wanaobeba mahema, mitungi ya gesi, meza, viti, chakula, mabegi ya wageni na, katika safari nyingi, choo cha kubebeka.

Mzigo wa mpagazi mmoja una kikomo cha kilo 20, na hupimwa kwa mizani langoni. Njia ya Machame huanzia mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari na kambi ya Barafu iko karibu mita 4,700. Mpagazi hutoka kambini baada ya wageni, huwapita njiani, na wakifika hukuta hema limesimama na maji ya kunawa yako tayari. Kwa kazi hiyo, kiwango cha chini cha malipo kilichotajwa kwa miaka mingi ni Sh20,000 kwa siku, na si kampuni zote zilizokifikia. Kwa safari ya siku saba hiyo ni Sh140,000, na kazi hazipatikani kila wiki, kwa kuwa mvua za masika zinapoanza wageni hupungua sana.

Hesabu ya bahasha

Viwango vya bakshishi ambavyo kampuni nyingi huwatajia wageni hukadiriwa kwa siku, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza huzaliwa: viwango hivyo ni vya kundi zima, si vya kila mgeni. Asiyeelezwa hivyo huogopa kiasi kikubwa asichoweza kutoa, au hudhani mwenzake ameshatoa.

Tuchukue mfano wa wageni sita, siku saba, na watu 22 wa kuwahudumia: kiongozi mkuu mmoja, wasaidizi wawili, mpishi mmoja na wapagazi 18. Tuseme kiongozi mkuu anapewa dola 20 kwa siku, kila msaidizi 15, mpishi 15, na kila mpagazi 8. Jumla ni dola 209 kwa siku, yaani dola 1,463 kwa safari nzima. Ukizigawa kwa wageni sita, kila mmoja atatoa dola 244. Mpagazi ataondoka na dola 56, ambazo dola ikiwa Sh2,500 ni Sh140,000. Kiasi hicho ni sawa na ule ujira wake wa siku saba. Kwa mtu huyu bakshishi ni nusu ya mapato.

Sasa tulirudishe kundi hilohilo kwenye hema la Mweka, likiwa halikupanga chochote. Baada ya kimya kirefu mmoja anapendekeza dola 50 kila mtu, na wote wanaafiki kwa sababu hakuna anayetaka ubishi. Zinapatikana dola 300. Zikigawanywa sawasawa kwa watu 22, kila mmoja anapata chini ya dola 14 kwa kazi ya wiki. Lakini mara nyingi hazigawanywi sawasawa. Kiongozi mkuu akichukua 100, wasaidizi 50 kila mmoja na mpishi 40, zinabaki dola 60 za wapagazi 18. Hiyo ni kama Sh8,300 kwa mtu aliyebeba kilo 20 kwa siku saba. Wageni wale sita si wakatili, na kila mmoja anaweza kuapa kwa haki kwamba alitoa alichoombwa. Upungufu wote umeteremka mpaka chini kwa sababu pesa zilitajwa usiku wa mwisho.

Maswali yanayoligawa kundi

Swali la kwanza ni usawa. Je, mwalimu aliyedunduliza kwa muda mrefu atoe sawa na mfanyabiashara aliyelipia safari kwa mauzo ya siku moja? Naona mgawo wa sawa ndio uwe msingi, kwa sababu kila mmoja amehudumiwa sawa, na kwa sababu mgawo wa uwezo humlazimu mnyonge kueleza umaskini wake mbele ya watu. Mwenye nafasi akitaka kuongeza, na aongeze kwenye jumla ya kundi kwa kumwambia mweka hazina peke yake. Hapo ukarimu wake unawafikia wote na haumwaibishi mtu.

Swali la pili ni la aliyeugua. Kila wiki wapo wanaoshindwa na hewa nyepesi na kushushwa kabla ya kilele. Aliyeshushwa siku ya nne anaweza kujiuliza kwa nini alipie siku saba. Jibu liko katika kazi iliyofanyika. Msaidizi mmoja amemshusha akimshika mkono, mpagazi amerudi na begi lake, na waliobaki juu hawakupunguziwa mzigo wa mahema wala gesi. Kuugua kwake kumeongeza kazi. Kundi lililokubaliana mapema kwamba fungu halibadiliki kwa atakayeshuka njiani halitalazimika kumdai mgonjwa aliyelala hotelini Moshi.

Swali la tatu ni la asiyeridhika: chakula kilikuwa baridi, au msaidizi alikuwa na kauli mbaya. Malalamiko ya namna hiyo yana haki ya kusikilizwa, na mahali pake ni kwa kiongozi mkuu siku yalipotokea, kisha ofisini kwa kampuni. Kukata bakshishi ya kundi ni kuwaadhibu watu 21 kwa kosa la mmoja, tena wengi wao hawakuwahi kulikaribia hema la chakula.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni la siri. Alfajiri ya kileleni mgeni amesaidiwa na msaidizi mmoja, ambaye alimfunga kamba za viatu pale Stella Point vidole vilipokufa ganzi na kumbebea chupa ya maji. Akishuka anamvuta pembeni na kumpa dola 100. Moyo wake ni mwema, na sitamlaumu mtu kwa shukrani. Tatizo ni kwamba bakshishi hufuata nyuso. Humwendea aliyeonekana, aliyecheka, aliyezungumza Kiingereza, huku aliyebeba choo akitembea nyuma ya wote na kukisafisha kila kambi akiwa hana hata mtu anayelijua jina lake. Zawadi ya siri ikichomolewa kwenye fungu la kundi, anayeilipia ni huyo asiyejulikana. Kwa hiyo fungu la wote litimizwe kwanza, na ya moyoni ifuate baadaye.

Hapohapo huingia nguo na viatu. Jaketi zito au buti za mlimani ni zawadi ya maana kwa mpagazi, maana wapo wanaopanda na vifaa visivyolingana na baridi ya Barafu. Lakini ziwe juu ya pesa, kwa sababu jaketi halilipi ada ya shule wala kodi ya chumba.

Bahasha inapita mikono ya nani

Kundi likishapata kiasi cha haki, kazi haijaisha. Bahasha moja nene ikikabidhiwa kwa kiongozi mkuu bila orodha, mgawo unabaki mikononi mwake na kwa dhamiri yake. Viongozi wengi ni waaminifu, lakini utaratibu unaotegemea uaminifu wa mtu mmoja humweka hata huyo mwaminifu katika shaka.

Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi ulioanza mwaka 2003 na wenye makao yake Moshi, umefanya kazi kubwa katika jambo hili. Huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, hufuatilia malipo na hali zao katika safari za kampuni zilizojiunga nao, na husisitiza kwamba mgawo wa bakshishi uwe wazi. Njia nzuri zinafahamika. Kundi linaweza kuandika orodha ya kila kazi na kiasi chake, likaisoma kwa sauti mbele ya wote kwenye sherehe ya kuagana, kisha kila mtu akapokea chake. Au bahasha zikatengwa, kila moja ikiwa na jina, na wageni wakazikabidhi wenyewe mkononi. Mpagazi akishasikia kiasi chake kikitajwa, hakuna wa kukipunguza kimyakimya njiani.

Pesa zenyewe nazo zina mambo yake. Noti za dola zilizochapwa kabla ya mwaka 2006, au zilizochanika kidogo, hukataliwa na maduka mengi ya kubadilishia fedha nchini Tanzania, na noti moja ya 100 haigawanyiki mlimani kwa watu wawili. Shilingi katika noti ndogo humfaa mpagazi zaidi, kwa kuwa anaweza kuitumia palepale anaposhuka.

Bakshishi iliyogeuka ujira

Kwa nini kazi ngumu kiasi hiki itegemee hisani? Historia ya Marekani ina jibu la kutufunza. Kampuni ya Pullman, iliyoanzishwa mwaka 1867, iliendesha mabehewa ya kulala na kuwaajiri wanaume weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, kuwa wahudumu. Mishahara ilikuwa midogo kwa makusudi, kwa hesabu kwamba abiria wangejaza pengo kwa bakshishi. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, na ilichukua hadi mwaka 1937 kampuni kutia saini mkataba nao. Mazoea yenyewe yalibaki katika sheria. Tangu mwaka 1991, kima cha chini ambacho sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri amlipe mkononi mfanyakazi wa bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha kawaida, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25. Sehemu ya mshahara imehamishwa kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mteja.

Palikuwa na waliojaribu kuifuta bakshishi kabisa. Jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Uingereza imepita njia nyingine: sheria iliyopitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila makato na kuigawa kwa haki. Sheria hiyo imeiacha bakshishi iwepo na kuuziba mwanya wa kuila.

Mlimani sababu za ujira mdogo ziko wazi. Ada za hifadhi kwa mgeni asiye mkazi, ukijumlisha kiingilio na kambi, huzidi dola 100 kwa siku, na hakuna kampuni inayoweza kuzipunguza. Kampuni inayotangaza bei ya kutupa lazima ikate mahali pengine, na panapokatika kwa urahisi ni chakula cha wapagazi na malipo yao. Mgeni aliyefurahia bei hiyo ameshaanza kuchukua kutoka mfukoni mwa mpagazi kabla hajafika langoni. Ndiyo maana bakshishi nono haiwezi kusafisha uamuzi mbaya wa kuchagua kampuni. Swali la kwanza la kundi liwe kuhusu ujira, kisha la bakshishi lifuate.

Na sisi tunaopanda kwetu tujiangalie. Kila mwaka kuelekea tarehe 9 Desemba makundi ya Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru, na ada za hifadhi kwa mwananchi ni ndogo sana kuliko za mgeni. Ni haki yetu. Lakini punguzo hilo limetolewa na hifadhi, halikutolewa na mpagazi. Kilo 20 za Mtanzania ni kilo 20, na undugu usiwe sababu ya kumlipa ndugu kidogo.

Meza ya marafiki

Pesa za wenyewe kwa wenyewe zina ugumu wa aina hiyohiyo. Watafiti Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha mwaka 2004 jaribio walilofanya katika mgahawa mjini Haifa, wakiketisha watu sita sita wasiojuana. Walioambiwa kila mtu alipe chake walitumia wastani wa shekeli 37. Walioambiwa bili itagawanywa sawa walitumia 51. Walioambiwa chakula ni bure walifika 82. Mgawo wa sawa, usipowekewa mipaka, humsukuma kila mmoja kuagiza zaidi, na aliyeagiza chai na chapati hulipia kamba wa mwenzake.

Tazama marafiki wanane walioko Zanzibar. Mmoja analipia boti kwa simu yake, mwingine anatoa malipo ya awali ya hoteli, wa tatu ananunua samaki Forodhani, na wote wanasema tutahesabiana. Wakirudi bara, aliyelipia boti anaanza kudai kwa ujumbe wa mzaha, kisha ujumbe mkavu, kisha ananyamaza na urafiki unapungua. Wahenga walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga. Katika safari hiyohiyo, dereva aliyewangoja saa tatu nje ya Mji Mkongwe amepata asante tupu, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amempa.

La kusikitisha ni kwamba ujuzi tunao. Hakuna watu wanaojua kuchangishana kuliko sisi. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ahadi huandikwa, tarehe ya mwisho hutajwa, bajeti husomwa mbele ya kikao, na salio hutangazwa baada ya shughuli. Hakuna anayeona haya kutaja pesa pale, kwa sababu kikao chenyewe kimeitishwa kwa ajili hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa safari ya watu wanane daftari la kurasa mbili linatosha.

Hoja ya moyo, na la kufanya

Wapo watakaosema kwamba bakshishi iliyoandikwa kwenye orodha si bakshishi tena, maana kitu cha moyo hakipangiwi bei. Naiheshimu hoja hiyo. Ingekuwa na nguvu kama mpokeaji angekuwa amelipwa ujira unaomtosha, na zawadi ikawa ziada. Pale ambapo zawadi hiyo ndiyo nusu ya mapato ya mtu, uhuru wa mtoaji kupanga kwa hisia zake unakuwa mzigo wa mpokeaji. Moyo una nafasi yake, nayo ni juu ya kiwango.

Kundi linalopanga safari, basi, lifanye haya kabla ya kulipa malipo ya awali. Liiulize kampuni kwa maandishi: mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, anakula mara ngapi, anapokea bakshishi kwa njia gani. Liombe idadi ya wahudumu na kazi zao, likokotoe jumla na fungu la kila mtu, na fungu hilo liingie katika gharama ya safari pamoja na tiketi na viza, ili mwenye uwezo mdogo ajue mapema kama safari inamfaa. Limchague mweka hazina mmoja, likusanye pesa kabla ya siku ya kwanza ya kupanda, na likubaliane kwamba atakayeshuka mapema harudishiwi fungu lake. Siku ya mwisho, orodha isomwe mbele ya wote.

Kampuni nazo zina deni. Ziandike katika tangazo la bei ujira wa mpagazi na kiwango cha bakshishi, bila kuficha kimoja nyuma ya kingine. Anayelipa vizuri hana cha kupoteza kwa kusema, na mgeni akishaweza kulinganisha, bei ya kutupa itaonekana kwa sura yake halisi.

Haya ya kutaja pesa ni ya dakika kumi, tena ni ya watu waliokaa sebuleni wakinywa chai. Tukiikwepa pale, haipotei. Hupanda nasi mlimani na kumsubiri mtu asiyekuwepo kwenye kikao, asiye na sauti ya kudai. Ni haki yake tuione sisi, na tuione mapema.